Fundi wa nguo za watoto, Mwanjelwa: mabinti zetu tunawashonea nguo za picha, utoto wao tunauweka wapi?

FundiMwanjelwa (mleta mada)

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa hapa Mbeya. Nilianza kazi 2006, mwaka uleule soko la zamani lilipoungua, na tangu hapo sehemu kubwa ya kazi yangu ni nguo za watoto: sare za shule, magauni ya sikukuu, ya komunyo, ya kipaimara, ya mahafali ya chekechea. Kuna jambo limenikaa kifuani tangu Jumamosi, nimeona nililete humu kwa sababu wazazi wenzangu mpo wengi.

Alikuja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ameongozana na binti yake wa darasa la tatu. Mtoto ana miaka tisa, anapokea komunyo ya kwanza mwezi huu wa sita. Mama akafungua simu akanionyesha picha: gauni jeupe la neti, mabega wazi, limebana kuanzia kifuani mpaka kiunoni, mgongoni limefungwa kwa kamba za kupishanisha, halafu kuanzia nyonga linamwagika mpaka chini. "Nataka hilihili, fundi, usibadilishe kitu."

Nikachukua futi nikampima. Kifua inchi 25, kiuno 23 na nusu. Mafundi wenzangu mnajua maana yake: huyo ni mtoto, mwili umenyooka, hakuna mahali pa kubana. Gauni la mabega wazi halina cha kulishikilia, akipiga hatua kumi limeshashuka. Nikamweleza mama hivyo. Akaitazama picha tena, akasema, "Basi weka sponji hapo juu, lisimame."

Mtoto alikuwa amesimama katikati yetu, mikono ameinua kama nilivyomwambia wakati namzungushia futi. Akauliza, "Mama, sponji ya kuoshea vyombo?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nikajifanya natafuta chaki.

Sitaki mtu amhukumu yule mama. Namfahamu, ana meza ya viazi soko la Soweto hapahapa Mbeya, anaamka saa kumi usiku, na hela ya gauni hilo anaichanga tangu Januari. Anampenda mwanawe. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu wote tunaolifanya jambo hili tunalifanya kwa kupenda.

Nilipoanza kazi, mama akileta mtoto neno la kwanza lilikuwa "atakua". Fundi, weka pindo kubwa, atakua. Acha akiba kwenye mishono ya ubavuni, atakua. Mwaka unaofuata gauni lilelile linarudi, nafumua pindo, nashusha inchi mbili, naipiga pasi ile alama ya zamani mpaka ifie, mtoto anaondoka nalo. Likimbana kabisa linakwenda kwa mdogo wake. Siku hizi neno ninalolisikia ni "litatoka vizuri?", yaani kwenye picha. Pindo hakuna anayelidai, maana gauni ni la siku moja. Mfuko hakuna anayeudai, maana mfuko unaharibu umbo. Umbo la mtoto wa darasa la tatu!

Na Juni yetu mnaijua. Mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya misa ya kwanza ukiongea mdomo unatoa moshi. Mwaka jana nilikuwepo kanisani. Mabinti wamepanga mstari wa maandamano, vinyweleo vimewasimama mikononi, midomo imepauka, na pembeni yao wavulana wamevaa suruali na makoti. Sweta za mabinti zilikuwepo, zimeshikwa na mama zao. Nikamsikia mmoja akisema, "Vumilia, mpiga picha anakuja."

Naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Nani alituambia mtoto wa kike avae hivi, na sisi tulikubali lini?

BeloLaAsubuhi

Fundi, umenigusa. Mimi nauza mitumba ya watoto pale soko la Sido, mwaka wa nane huu. Ngoja nikupe ninachokiona kila nikifungua belo.

Chukua kaptura mbili za belo moja, zote kibandiko kinasema miaka 8, moja ya kiume, moja ya kike. Zilaze mezani, moja juu ya nyingine. Ya kiume inafika gotini, ya kike inaishia juu pajani. Ya kiume kitambaa kizito, ya kike ukipitisha mkono ndani unauona. Mfuko wa kiume nazamisha kiganja chote. Wa kike vidole viwili, na mara nyingi hakuna mfuko kabisa, ni mshono wa kudanganya macho tu. Wateja wangu wa kiume hawajawahi kuliona hili mpaka niwaonyeshe kwa futi.

Fulana ndiyo usiseme. Za wavulana zina magari, mipira, dainosa. Za wasichana zina maneno ya kimahaba kwa Kiingereza, mama hajui kimeandikwa nini, anaona inang'aa ananunua. Kuna moja ilikuwa ya mtoto wa miaka sita, niliposomewa na kijana mmoja wa chuo niliitoa mezani nikaikata matambara.

Sasa jiulizeni: mtoto wa kike na wa kiume wa miaka minane wana tofauti gani ya miguu? Aliyeamua huyu afunikwe goti na yule aishie pajani yuko ofisini Ulaya au Marekani, Mbeya hajawahi kuisikia. Kaptura yake ikauzwa kwao, ikavaliwa, ikatolewa bure, ikafungwa belo, ikashushwa bandarini Dar, ikapanda mlima Kitonga kwenye lori, ikafika mezani kwangu. Na mtoto wa Isyesye anaivaa Julai.

MzeeWaKabwe

Mnazunguka sana. Ni maadili yameporomoka, basi. Hao mabinti wenyewe ndio wanaotaka, halafu wakipatwa na mabaya tunalia. Serikali irudishe ile operesheni ya zamani ya kukomesha vimini.

FundiMwanjelwa

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini hapo naomba nikupinge, na nisingependa uzi huu uelekee huko.

Operesheni unayoisema ni Operesheni Vijana. Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, waliitangaza 1968 na ikaanza Januari 1969 kule Dar: marufuku vimini, mawigi, suruali za kubana. Kabla hata haijaanza rasmi, makundi ya wanaume yalishaanza kuwavamia wanawake mitaani na vituoni Kariakoo. Mzigo wote ulimwangukia aliyevaa. Mama yangu mdogo alikuwa msichana Dar miaka hiyo, mpaka leo akisimulia anashusha sauti.

Huyu wangu wa miaka tisa hakutaka kitu. Aliuliza kuhusu sponji ya vyombo. Ukimwambia yeye ndiye anayetaka, umemtwika neno asilolijua. Na anayemdhuru mtoto ana kosa lake yeye mwenyewe, mtoto awe amevaa gauni, sare au gunia. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, chini ya miaka 18 ni mtoto, hilo halibadilishwi na urefu wa sketi.

Mimi sikuja humu kulalamikia aibu. Nalalamikia baridi, na mfuko, na mtoto anayeambiwa asikimbie neti itachanika. Yule bwana wa kaptura ameeleza vizuri kuliko mimi: nguo ya mvulana imekatwa na mtu aliyejiuliza mtoto atafanya nini akiivaa. Ya msichana imekatwa na mtu aliyejiuliza ataonekanaje. Ugomvi wangu uko hapo tu.

MwalimuMakete

Kamwene wandugu. Nafundisha shule ya msingi huku Makete, baridi yetu Mbeya hamuiwezi.

Siku za sare, wakati wa mapumziko, mabinti wangu wanacheza rede, mdako, wanaruka kamba, na kuna wawili wa darasa la pili huwa nawashusha kwenye mti wa parachichi karibu kila siku. Sketi ya sare ina marinda, inapanuka, na ina mfuko: ndani utakuta kipande cha penseli, kokoto za mdako, mahindi ya kukaanga.

Mwisho wa muhula tunawaruhusu nguo za nyumbani. Siku hiyo uwanja unabadilika. Wavulana wako palepale na mpira wao. Mabinti wamejipanga ukutani. Mmoja ana viatu vya mchuchumio, anatembea ameshika bega la mwenzake. Mwingine sketi imembana, akikaa anaivuta, akisimama anaivuta. Muhula uliopita niliwaita wacheze rede, wakatoka kama sita, na mmoja akawahi kurudi ukutani ameshika gauni mgongoni, zipu imeachia. Alikuwa mpigaji hodari kuliko wote.

Kuna jaribio la Marekani la 1998, la Barbara Fredrickson na wenzake. Wanafunzi wa chuo waliingia kila mmoja peke yake kwenye chumba chenye kioo, wengine wakavaa sweta, wengine vazi la kuogelea, kisha wakapewa hesabu wafanye hali wamevaa. Wasichana waliovaa vazi la kuogelea walipata chini kuliko wenzao wa sweta. Wavulana hawakupungukiwa. Hakuna aliyekuwa akiwaangalia mle chumbani, fundi. Wenyewe tu walikuwa wakijitazama, na akili ikagawanyika. Nikiwaona wangu pale ukutani wanavuta sketi, nalikumbuka jaribio hilo.

MamaWawili_Ilomba

Nimesoma mwanzo mwisho na nimelia kidogo. Nami nina la kusema.

Mwaka jana binti yangu alimaliza chekechea. Karatasi ikatoka shuleni: joho, gauni, mchango wa chakula, mchango wa picha na video. Nilimsuka rasta kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku, anasinzia kwenye mapaja yangu. Kucha za bandia, lipustiki, wanja. Gauni nilikodi, maana kununua sikuweza. Ana miaka sita.

Nikaweka picha status, simu ikawa inalia tu, "jamani kamrembo", "mke wetu huyo". Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Usiku akaja na simu yangu mkononi, akaniambia, "Mama futa hii, pengo langu linaonekana."

Meno mawili ya mbele yalikuwa yametoka wiki ileile. Siku yalipotoka alizunguka nyumba nzima akionyesha pengo, mpaka kwa jirani alienda, na jino moja akalitupa juu ya bati mwenyewe akicheka. Wiki haikuisha, pengo likawa kitu cha kuficha. Huwa najiuliza kama ni zile lipustiki zilizomfundisha, au ni sisi tulivyokuwa tunampiga picha na kusema "hapana, hiyo mbaya, rudia".

DukaMakambako

Nina duka la nguo za watoto Makambako, nachukua mzigo Kariakoo. Niwape upande wetu wa biashara, kwa sababu fundi ameuliza nani alituambia.

Nguo ya mtoto ambayo kaka na dada wanaweza kurithishana inauzwa mara moja. Ukiifanya ya pinki na kuitia maua, mdogo wa kiume akizaliwa mama hawezi kumvalisha, anarudi dukani. Hiyo ndiyo hesabu, wala si siri. Na pinki yenyewe si ya asili. Mwaka 1918 gazeti la wafanyabiashara wa nguo za watoto wa Marekani, Earnshaw's Infants' Department, liliandika kwamba pinki ni ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na bluu ni ya wasichana kwa kuwa ni laini. Mwaka 1927 jarida la Time lilitoa orodha ya maduka makubwa ya kule, na kadhaa bado yalikuwa yakishauri pinki kwa wavulana. Baadaye ikageuzwa, na sisi tukaipokea imeshageuzwa, tukadhani ilikuwa hivyo tangu Adamu.

Wakaja kugawanya na umri. Zamani kulikuwa na nguo ya mtoto na nguo ya mtu mzima. Wakachonga kundi katikati, kama miaka minane hadi kumi na miwili, wakalitengenezea nguo zake zinazoiga za dada mkubwa, kwa sababu mtoto hapendi kuitwa mdogo. Mwaka 2010 kule Uingereza duka la Primark lilikuwa likiuza bikini yenye sponji kifuani kwa watoto wa miaka saba, minane. Wazazi walipiga kelele wakaiondoa na kuomba radhi. Kwa hiyo fundi, ile sponji yako haikuanzia kichwani mwa mama wa viazi.

Na hao malkia na mabinti wa mfalme wa kwenye katuni, ambao watoto wanavalishwa magauni yao: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Disney waliwakusanya wote, kila mmoja na hadithi yake, wakawauza kama jina moja la biashara. Mauzo yalikuwa dola milioni 300 mwaka 2001, kufikia 2006 yakawa dola bilioni 3. Elsa, malkia wa barafu wa filamu yao ya Frozen, akaja 2013. Mimi kila Desemba nauza magauni ya Elsa, ya neti yenye vumbi la kung'aa, kwa watoto ambao hawajawahi kuona theluji isipokuwa jokofuni. Nasema haya nikiwa muuzaji. Ya mikono mirefu na kitambaa cha ndani nimewahi kuleta, yakakaa mwaka mzima.

Kuna nchi zimeweka uzio. Quebec, kule Kanada, tangu 1980 ni marufuku kutangaza biashara kwa watoto chini ya miaka 13. Sweden tangu 1991 televisheni haitangazi biashara kwa walio chini ya 12. Huku kwetu tangazo halipiti hata kwenye televisheni, linapita kwenye status ya shangazi.

Binti_Mlandege

Nina miaka 22, nipo Iringa. Naomba nisimame upande mwingine kidogo, maana naona mtanyang'anya watoto raha yao.

Nilipokuwa na miaka saba bibi alinishonea gauni la pinki la marinda matatu. Nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho. Nikizunguka lilikuwa linafunguka kama mwavuli, nikazunguka mpaka nikaangukia kwenye ndoo ya maji. Msiseme kila pambo ni la kuuziwa. Sisi wasichana tunapenda kupendeza, na tulipenda kabla ya Disney. Bibi yangu huyo alikuwa na shanga tangu mdogo.

FundiMwanjelwa

Binti wa Mlandege, asante sana. Umesema kitu nilichokuwa nakitafuta na kukikosa.

Hilo gauni la bibi yako mimi ningelishona usiku kucha bila malipo. Angalia lilivyo: linafunguka ukizunguka. Ulizunguka mpaka ukaanguka kwenye ndoo, maana yake liliruhusu. Bibi alikata kitambaa kingi, marinda matatu yanakula mita za kutosha, na alijua mtoto akipewa gauni zuri atalizungusha. Pambo lile lilikuwa lako, ulikuwa unalichezea. Gauni la mabega wazi na kamba mgongoni halizunguki. Mtoto anasimama wima, mabega ameyakaza, anapumua kwa juu. Najua kwa sababu mimi ndiye ninayezikaza zile kamba, naona mbavu zinavyosita.

Mimi si adui wa lesi wala pinki, nimejaza rafu nzima. Ila nimejifunza kitu humu usiku wa leo, na nimekubaliana na mama wa Ilomba kwamba sisi tunaoshika simu tuna sehemu yetu, pamoja na sisi tunaoshika mkasi. Miaka yote hii mteja akileta picha nilikuwa nasema "sawa mama" kwa kuogopa aende kibanda cha pili.

MamaWawili_Ilomba

Fundi, gauni la komunyo unaloona linafaa unalishonaje? Mwakani ni zamu ya mkubwa wangu.

FundiMwanjelwa

Satini nzito au pamba nyeupe, siyo neti tupu. Neti ikitakiwa ipande juu. Mikono mpaka kwenye kiwiko, ndani naweka fulaneli nyembamba, haionekani. Kiunoni lastiki, juu yake utepe, afungwe upinde mgongoni. Upinde unatoka vizuri kwenye picha kuliko kamba. Pindo inchi tatu nalishona kwa mkono ili mwakani lifumuke bila kuacha matundu. Mifuko miwili ubavuni, kina cha kiganja, rozari ikae na leso ikae. Mifuko sichaji.

FundiMwanjelwa

Mrejesho, wakuu, maana mmeniuliza wengi.

Yule mama amekuja leo Jumatano mchana. Sikutaka kumhubiria. Nilishashona la mfano kwa kitambaa cha bei rahisi, nikamwomba tu mtoto alijaribu. Kitu cha kwanza mikono ikaingia mifukoni, akaiacha humohumo, akaanza kutembea kibandani akihesabu hatua kwa sauti. Kisha akazunguka, akagonga kiti cha mteja, akazunguka tena.

Mama alimtazama muda mrefu. Akaniuliza, "Sasa si atapigwa picha mikono ikiwa mfukoni?" Nikamwambia inawezekana kabisa. Akafungua ile picha ya kwenye simu, akailinganisha na mtoto, akaizima. Sponji hakuitaja, na mimi sikuitaja. Kamba za mgongoni amekubali ziwe upinde. Mabega bado anayataka wazi, anasema wenzake kwenye kundi la wazazi wote wameshachagua hivyo na mwanawe ataonekana mshamba peke yake. Nikamwambia naweza kushona mikono ya kuvua na kuvaa, yenye vifungo vidogo kwapani, asubuhi avae, mchana jua likitoka aamue mwenyewe.

"Nani aamue?" akauliza.

"Mtoto," nikamwambia.

Ameacha elfu kumi ya kianzio, amesema atanipigia kuhusu mabega. Misa ni Jumapili ya wiki ijayo. Mikono nimeshaikata, ipo mezani hapa na vifungo vyake.